Dogo, hamamu ya 1894 ambayo bado ina maji

Nikisema nimekwenda kuoga Dogo, nyumba ya watu wote ya kuogea maji moto huko Japani, swali la kwanza la jamaa zangu wa Unguja haliwi la historia wala la nauli. Huwa ni hili: "Kwani mnavua zote?" Ndiyo, zote. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na kila mmoja ana kitaulo chembamba kisichositiri kitu. Suala hilo nitalirudia, maana najua wapo watakaokwama hapo hapo, na wana haki yao. Ila mimi Dogo ilinishika kwa sababu nyingine. Jengo lenyewe ni la mwaka 1894, serikali ya Japani imeliandikisha kuwa mali muhimu ya urithi wa taifa, na mpaka leo watu wanaingia mle na vikapu vyao vya sabuni, wanaoga, wanakwenda zao.

Dogo ni mtaa wa mji wa Matsuyama, mkoa wa Ehime, kwenye kisiwa cha Shikoku. Mimi nilitokea Hiroshima kwa boti, visiwa vidogo vidogo vya Bahari ya Seto vikipita kulia na kushoto mpaka unaacha kuvitazama. Mjini kuna tramu, na Dogo ni kituo cha mwisho. Ukishuka tu, mbele ya stesheni kuna uwanja mdogo wenye birika la maji moto ya kutumbukiza miguu, bure kabisa, na saa ya mnara ambayo ikifika wakati wake huinuka na kufunguka, wanasesere wakachomoza humo ndani. Watu huisubiri na simu mkononi. Ukiipita unaingia kwenye njia ya maduka iliyoezekwa juu, unauziwa keki, taulo na juisi ya machungwa, maana Ehime ni nchi ya machungwa. Unakata kona, unatokea nje, na hamamu iko mbele yako.

Kwenye picha inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ni jengo la mbao la orofa tatu, paa limekaa juu ya paa, na kila upande ukisimama unadhani unatazama jengo jingine. Halikujengwa mara moja. Sehemu kuu ndiyo ya 1894. Mwaka 1899 wakaongeza upande wa kuogea watu wa ukoo wa kifalme. Na mlango unaoingiliwa leo ni wa 1924. Juu kabisa kuna kijumba chenye vioo vyekundu ambavyo usiku huwaka kama kaa, na juu ya kijumba amesimama yangeyange mweupe. Ndani ya kijumba hicho mna ngoma. Hupigwa asubuhi, mchana na jioni, na mwaka 1996 serikali ya Japani iliiweka katika orodha ya sauti 100 za nchi zinazostahili kutunzwa. Mtu aliyezoea saa zetu itamchekesha: saa 12 asubuhi inapigwa mara 6, na saa 6 mchana inapigwa mara 12.

Yangeyange ana hadithi yake. Wanasema hapo kale aliumia mguu, akawa kila siku anakuja kuutumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakibubujika kutoka mwambani, mpaka akapona akaruka, na watu walipoona hivyo nao wakaingia. Ipo hadithi nyingine, ya miungu miwili iliyosafiri pamoja. Mmoja, mdogo wa kukaa kiganjani, akaugua, mwenziwe akamwosha kwa maji ya Dogo, yule mdogo akainuka akacheza juu ya jiwe. Jiwe unaonyeshwa, liko nje ya jengo upande wa kaskazini, na watu hulimwagia maji wakaomba. Kwa wasiopenda hadithi za ndege na miungu, Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720, kinataja wafalme waliosafiri mpaka kwenye maji moto ya Iyo, jina la zamani la nchi hii. Kwa hiyo hata tukikata chumvi, watu wameoga hapa kwa zaidi ya miaka 1,300.

Lakini maji ni kitu kimoja, nyumba ni kitu kingine. Nyumba tunayoiona ina mtu wake, naye ni Isaniwa Yukiya. Mwaka 1890 alikuwa mkuu wa kwanza wa kimji cha Dogo Yunomachi, na akakuta nyumba ya kuogea imechakaa. Akaamua kuijenga upya, tena kwa gharama iliyowatoa watu jasho: yeni 135,000, wakati mwalimu wa shule ya msingi akianza kazi alikuwa akilipwa yeni 8 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Wananchi walikasirika, wakaona mji utazama kwenye madeni kwa ajili ya bafu. Isaniwa akakataa kupokea mshahara ili fedha hiyo iingie kwenye kazi, akashikilia msimamo kwamba kinachotakiwa ni jengo ambalo hata miaka 100 ikipita mwingine hataweza kuliiga. Fundi aliyemkabidhi kazi, Sakamoto Matahachiro, alitoka katika ukoo wa maseremala wa ngome ya Matsuyama, na ukitazama maungio ya zile paa unaelewa kwa nini. Isaniwa hakuishia hapo, alisimamia na reli, ili watu wafike. Mimi siasa za viongozi wa "miradi mikubwa" nimezichoka kama Mswahili mwingine yeyote, na ningekuwa mkaazi wa Dogo mwaka ule pengine ningekuwa kwenye kundi la wapiga kelele. Ila huyu alikosa mshahara wake mwenyewe kwanza, na hilo kwa viongozi wa miradi ni nadra.

Sasa tuingie ndani.

Viatu vinabaki mlangoni, kwenye vikabati vya mbao. Tiketi zina madaraja. Ya chini kabisa, ya kuoga tu katika hodhi liitwalo Kami no Yu, yaani maji ya miungu, nililipa yeni 700. Ukipanda bei unapata kukaa juu, chai, vazi la kuvaa ukitoka majini, na hodhi la pili lililo dogo na tulivu zaidi. Mimi nilianza na ya chini kwa sababu nilitaka kukaa na wenyeji, na kwa sababu pochi ilikuwa na maoni yake.

Chumba cha kubadilishia nguo ni cha kawaida: makabati, mizani ya kupimia uzito, feni. Unavua, unafunga kabati, ufunguo unauvaa mkononi, kitaulo mkononi, unasukuma mlango wa kioo na mvuke unakupokea. Ndani ni mawe matupu. Hodhi ni la itale ya kijivu, na katikati yake limesimama pipa kubwa la mawe lenye mdomo ambao maji humwagika kutoka humo bila kukoma. Ukutani kuna vigae vya kauri vya Tobe, mji wa wafinyanzi ulio karibu na Matsuyama, rangi ya buluu juu ya nyeupe, na yangeyange wetu yumo. Sauti ni ya maji na ya mabeseni yanayogonga sakafu. Hakuna muziki.

Kabla ya kutia mguu kwenye hodhi unaoga kwanza. Kando ya ukuta kuna mabomba na vigoda vifupi. Unakaa, husimami wima ukarusha povu kwa jirani, unajisugua kuanzia kichwani, unajimwagia beseni baada ya beseni mpaka povu lote liishe, halafu unasuuza kigoda kwa ajili ya anayekuja. Nilikaa karibu na mzee mmoja ambaye alijisugua kwa muda mrefu kuliko alivyokaa majini. Visigino alivisugua kila kimoja peke yake, katikati ya vidole, nyuma ya masikio. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa. Ni adabu ile ile ya birika la msikitini, ambalo maji yake unayateka kwa kata na huthubutu kutumbukiza mguu wenye mchanga. Wageni wa Ulaya ndio niliowaona wakihangaika, wamesimama na kitaulo wameshikilia mbele, hawajui waende wapi.

Kitaulo hakiingii majini. Wengine hukikunja wakakiweka kichwani, na nilipoona wazee wanne wamekaa hivyo, wametulia, macho yamefumba, nami nikakikunja changu.

Maji yana nyuzi 42 hivi. Watu wa kwetu wanasema jua la mchana ni kali, basi waje waingie hapa. Unashuka kidato kwa kidato, miguu inalia, ukifika kiunoni unataka kurudi, ukikaa yanakufika shingoni na mwili unaacha kubishana. Maji yenyewe ni ya alkali, hayanuki kiberiti, hayana rangi, na ukipitisha kiganja juu ya mkono unahisi utelezi kama sabuni haijaisha. Dakika chache tu, moyo unaanza kudunda masikioni. Unatoka, unakaa ukingoni, unarudi tena. Yule mzee wa visigino alipoona nimetoka mapema akanionyesha kwa mkono: kaa, pumua, usishindane. Kijapani changu ni cha dukani lakini tulielewana. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Zanzibar, akasema huko si kuna joto la kutosha? Wazee wote wa hodhi wakacheka, na kumbe walikuwa wanasikiliza muda wote wamefumba macho.

Ukutani mle kuna kibao kinachokataza kuogelea, na hakimkatazi mtu yeyote: kinamkataza Botchan. Huyu ni kijana wa kwenye riwaya aliyoiandika Natsume Soseki mwaka 1906. Soseki alikuja Matsuyama mwaka 1895, hamamu ikiwa na mwaka mmoja tu, kufundisha Kiingereza kwenye shule ya sekondari, na hakukaa sana. Kijana wake wa riwaya naye ni mwalimu kutoka Tokyo, anaudharau mji mzima, watu wake, wanafunzi wake, chakula chake. Kitu kimoja tu anakisifu, nacho ni maji moto. Kila siku anakwenda na taulo lake jekundu, na akikuta hodhi halina mtu anaogelea, mpaka siku moja anakuta wamebandika tangazo. Sasa angalia watu wa Matsuyama walivyofanya. Mji uliotukanwa ukurasa kwa ukurasa umelichukua jina la huyo mtukanaji ukalipa treni (ina umbo la garimoshi la zamani lakini inakwenda kwa dizeli), vidonge vitamu vya rangi tatu vinavyouzwa kila duka, ile saa ya mnara, na chumba cha orofa ya tatu cha hamamu yenyewe. Mimi ningekuwa na kinyongo. Wao wameuza biskuti.

Siku nyingine nilikata tiketi ya juu. Ngazi ni za mbao, nyembamba na zimesimama wima, unashika kamba ya ukuta na heshima zako. Juu kuna ukumbi mmoja mrefu uliotandikwa mikeka ya tatami, watu wamekaa chini kila mmoja na kijisanduku chake cha nguo, wamevaa yukata nyepesi yenye nembo ya yangeyange. Mama mmoja mwenye kimono anakuletea chai juu ya kisinia chekundu, na biskuti kavu ya mchele. Hakuna zaidi. Madirisha ya kutelezesha yamefunguliwa pande mbili, upepo unapita, jasho linakauka taratibu, chini unasikia watu wanapiga picha. Muda wako ukiisha wanakuja kukwambia kwa upole, lakini wanakwambia. Ukitaka, unapitishwa kuona upande wa kifalme wa 1899, vyumba vyenye karatasi za dhahabu na hodhi la mawe meupe ambalo sasa halina tone. Nilipita haraka. Wengine huganda pale, ila bafu la mfalme lisilo na maji ni chumba tu.

Nirudi kwenye suala la kuvua. Sitoi fatwa, na mwenye kutaka hukumu ya aura, yaani mwili unaopasa kusitiriwa, amwendee mwenye elimu yake. Ninachoweza kusema ni haya: ndani ya hodhi la watu wote huruhusiwi nguo wala kitaulo, na hilo halina mazungumzo. Lakini hatua chache tu kutoka jengo kuu, mwaka 2017 walifungua nyumba ya pili, Asuka no Yu, na mle mna vyumba maalumu vya kuogea vya kukodi, mnaingia familia au wewe peke yako, mlango umefungwa. Humo wanakupa na vazi jembamba la kuogea lililoigwa kutoka zama ambazo watu wa jumba la kifalme hawakuingia majini uchi. Nilifurahi kulijua hilo. Kumbe huku kuvua zote kunakoonekana ni mila ya tangu na tangu, nako kulikuja baadaye. Bei yake si ya mchezo, ila ukigawana na mke na watoto inabebeka, na maji ni yale yale.

Maji hayo yanatoka wapi, nalo ni swali, kwa sababu Shikoku haina volkano hai hata moja. Mvua inazama kwenye nyufa za itale, inashuka chini sana, inapata joto la ardhi na kurudi juu kupitia visima 18, kimoja kina nyuzi 20 tu na kingine 55. Wanayachanganya mpaka yafike joto la kuogea, hawayachemshi na hawayapunguzi kwa maji ya bomba. Na kwa kuwa njia yake ni nyufa, ardhi ikitikisika njia huziba. Tetemeko kubwa la Nankai la Desemba 1946 lilikausha Dogo, mji ukiwa ndiyo kwanza unajikusanya baada ya mabomu ya vita. Miezi ikapita ndipo maji yakarudi. Nilimuuliza mwenye nyumba nilikofikia kama watu huogopa yasitokee tena. Akasema wanaogopa, ndiyo maana kila mwaka mwezi Machi wana tamasha la kuyashukuru.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza kunirudisha Mji Mkongwe. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alituletea maji ya bomba kutoka Chemchem na akajenga Hamamni, hamamu ya mtindo wa Kiajemi, iwe ya watu, si ya jumba lake. Ina umri wa karibu mmoja na Dogo, imeitangulia kidogo tu. Ilikuwa na moto chini ya sakafu, vyumba vya maji moto na ya baridi, mahali pa kinyozi. Ikaacha kazi mnamo 1920. Leo unalipa kiingilio, unafunguliwa mlango, unatembea kwenye mahodhi makavu, mwenye kukutembeza anakueleza hapa walikuwa wakifanya hivi, pale vile, halafu mtaa umebaki na jina. Nimepita mle tangu shuleni na sikuwahi kuona ajabu. Ilibidi niingie Dogo niwaone wazee wenye vitaulo kichwani ndipo nikajua kilichokosekana Hamamni ni nini.

Najua majibu: kuni, maji, fedha, mafundi. Yote kweli. Hata ukarabati wa jengo linalosimama tu ni hatari. Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakafa. Lakini angalia Dogo walivyokarabati. Walianza Januari 2019, wakalifungua lote tena Julai 2024, miaka mitano na nusu. Jengo walikuwa wamelifunika, wamelitia vyuma vya kuhimili tetemeko, vigae vya paa wameshusha. Na katika muda huo waliligawa: upande huu mafundi, upande ule watu wanaoga, kisha wakabadilishana. Uviko ukaingia katikati ukawafungia kwa kipindi, sawa, lakini si mafundi waliofunga. Mhandisi mwenye akili timamu angesema fungeni mwaka mmoja tumalize. Kwao hamamu iliyofungwa muda mrefu ni hatari kuliko hamamu yenye vumbi, kwa kuwa watu wakishazoea kuoga nyumbani hawarudi.

Nilimwambia hayo yule mzee wa visigino, kwa lugha yangu ya kuungaunga, tulipokutana tena tukivaa viatu. Nilitegemea atajivuna. Akanikunjia uso. Bei imepanda, akasema, watalii wamejaa, jioni huwezi kukaa ukanyoosha miguu. Siku hizi hapa anakuja asubuhi tu, ngoma ikilia, na jioni anakwenda Tsubaki no Yu. Hiyo ni nyumba ya tatu, iko mwendo wa dakika mbili, haina minara wala ngoma, bei yake ni ndogo na watalii wengi hawaigusi.

Nikaenda jioni ile. Ukumbi mkubwa wa mawe, taa nyeupe, baba amemkalisha mwanawe anamsugua mgongo na mtoto anapiga kelele, vijana wawili wanazungumza besiboli, hakuna aliyenitazama. Maji yanatoka kwenye visima vile vile. Kama una muda wa kuoga mara moja tu, nenda jengo kuu, uwe umefika kabla ya saa 12 asubuhi ili uisikie ngoma ukiwa mlangoni. Kama una siku mbili, ya pili uipeleke Tsubaki, na chukua sabuni yako.